Idara mbili zimekuwa moja, wakurugenzi wawili kiti kimoja: je, aliyekosa kiti amefutwa kazi?

Swali kutoka kwa msomaji wa Kisauni, Mombasa:

"Assalaam aleikum, kaka mkubwa. Mimi ni mkurugenzi katika serikali ya kaunti moja hapa Pwani. Nina umri wa miaka 52 na nimetumikia miaka 17, nikianzia baraza la mji kabla ugatuzi haujaja. Wiki sita zilizopita idara yetu iliunganishwa na nyingine, na sasa wakurugenzi tuko wawili kwa kazi moja. Mwenzangu amepewa afisi. Mimi nimeambiwa kwa mdomo tu nikakae kwa katibu wa kaunti nikisubiri kupangiwa. Mshahara unaingia, gari limechukuliwa, na simu yangu hailii tena. Jamaa wananishauri nijiuzulu nihifadhi heshima yangu. Je, nimefutwa? Na kama sijafutwa, nifanyeje? Halafu afisa mkuu wetu na waziri wetu, wao hatima yao ni ipi?"

Jibu:

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: hujafutwa. Itoe barua yako ya kuajiriwa uisome tena leo usiku. Aliyekuajiri ni serikali ya kaunti, au baraza la mji ambalo kaunti ililirithi watu wake na madeni yake. Idara haikukuajiri, kwa hivyo idara haiwezi kufa na kazi yako. Mwajiri wako bado yupo, jina lako bado liko kwenye orodha ya mishahara, na hakuna aliyekuandikia kwamba huduma yako imekatizwa. Kwa hivyo usijiuzulu. Nitalirudia hili kabla sijamaliza, kwa sababu ndilo kosa ambalo nimeliona likiwamaliza watu wazima wenye akili zao.

Ili ujue umesimama wapi, jua kwanza kwa nini idara zinaunganishwa. Kifungu cha 179 cha Katiba kinaweka kikomo cha mawaziri wa kaunti: wasizidi 10 pale bunge la kaunti lina wawakilishi 30 au zaidi, na wasizidi thuluthi moja ya wawakilishi pale bunge ni dogo zaidi. Mombasa yenyewe ina wadi 30, kwa hivyo inaangukia penye kumi. Kazi za kaunti ni nyingi kuliko kumi: afya, maji, barabara, ardhi, biashara, utalii, vijana, uvuvi, masomo ya chekechea, mazingira, fedha na mengineyo. Basi kila gavana anayeingia analazimika kuzifunga mafungu mafungu, na kila mmoja anazifunga kwa namna yake. Leo maji yako pamoja na mazingira, kesho yako pamoja na kawi. Halafu liko suala la mishahara. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote, na kaunti nyingi zinahangaika na kikomo hicho. Kupunguza idara kunaonekana ni dawa ya haraka.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaipa kamati tendaji, yaani gavana na mawaziri wake, uwezo wa kupanga idara kama wanavyoona inafaa. Usipoteze nguvu zako kupinga muungano wenyewe. Hapo huna kesi, na ukienda na hoja hiyo utaonekana mtu anayelilia kiti.

Kesi yako iko mahali pengine. Kupanga idara ni jambo moja, kufuta cheo ni jambo jingine kabisa. Cheo katika utumishi wa kaunti hufutwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Bodi hailifanyi hilo peke yake: inapeleka pendekezo kwa bunge la kaunti, na pale cheo kina mtu ndani yake, sheria inataka mtu huyo aondolewe au astaafishwe kwa utaratibu wa haki. Waziri hana uwezo wa kufuta cheo cha mkurugenzi, wala afisa mkuu, wala katibu wa kaunti kwa kukuonyesha kiti barazani mwa afisi yake. Juu ya yote hayo kuna kifungu cha 236 cha Katiba, ambacho ningependa kila mtumishi wa umma akijue kama anavyoijua nambari yake ya kitambulisho. Kinasema mtumishi wa umma hawezi kufukuzwa, kuondolewa, kushushwa cheo wala kuadhibiwa bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Lizingatie hilo neno "kushushwa cheo". Watu wengi hudhani Katiba inawalinda wasifukuzwe tu.

Sasa nijibu kuhusu waziri na afisa mkuu wako, maana umeniuliza, na tofauti yao na yako itakusaidia kujiona ulipo.

Waziri wa kaunti aliteuliwa na gavana akaidhinishwa na bunge. Kiti chake ni cha kisiasa. Idara yake ikimezwa, gavana anaweza kumpa nyingine au kumwachilia, ingawa hata hapo mkono wa gavana haukufunguliwa kabisa. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyotoka Nyeri, ilikataa wazo kwamba gavana anaweza kumtimua waziri kwa kuamka tu asubuhi akiwa na hasira. Lazima pawe na sababu ya maana. Afisa mkuu yuko katikati. Naye ameteuliwa na gavana, lakini kutoka kwa majina ambayo Bodi iliyatafuta kwa ushindani na kuyapendekeza, na bunge likayaidhinisha. Kwa kawaida yuko kwenye mkataba wa miaka. Sheria inampa gavana uwezo wa kumhamisha kutoka idara moja hadi nyingine. Idadi ya maafisa wakuu haina kikomo katika sheria kama ilivyo ya mawaziri, ndiyo maana baada ya muungano mara nyingi utaona waziri mmoja ana maafisa wakuu wawili au watatu chini yake, kila mmoja na kipande chake. Kwa hivyo mwambie afisa mkuu wako atulie asome mkataba wake: tarehe ya mwisho ni lini, notisi ni ya muda gani, na malipo ya mwisho wa mkataba yanahesabiwaje.

Wewe uko chini ya hao wawili kwa cheo, lakini una mizizi mirefu kuliko wao. Uliajiriwa na Bodi, au ulirithiwa, kwa kazi ya kudumu yenye pensheni. Gavana hakukuteua na gavana hakuondoi.

Haya hayakuanzia kaunti. Kitaifa, serikali ya mseto ya 2008 ilikuwa na wizara 40. Ilipofika 2013, chini ya Katiba mpya inayoruhusu mawaziri wasiozidi 22, zikawa 18. Mwaka huohuo jopo la rais kuhusu mashirika ya umma likapendekeza mashirika yapunguzwe kutoka 262 hadi 187. Na Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaidhinisha mashirika 42 yaunganishwe yawe 20 na mengine 25 yavunjwe, wafanyakazi wakiahidiwa kupangiwa kwingine serikalini. Sisi wa Pwani tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Kampuni iliyokuwa ikishughulikia upakuaji wa shehena bandarini ilimezwa na Mamlaka ya Bandari mwaka 1986, na leo hata feri tunayovuka nayo Likoni inaendeshwa na Mamlaka hiyohiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kilimo, kwa sababu unaonyesha hatima ya wakubwa waziwazi. Sheria za 2013 zilikusanya bodi za chai, kahawa, sukari, pamba, katani, pareto na mboga na matunda, pamoja na mamlaka ya minazi ambayo sisi wa Pwani tuliijua vizuri, zikawekwa chini ya paa moja, Mamlaka ya Kilimo na Chakula. Kila bodi ilikuwa na mkurugenzi mkuu wake, mwenye bodi yake, muhuri wake na bajeti yake. Baada ya muungano kukawa na mkurugenzi mkuu mmoja, na zile bodi zikawa kurugenzi chini yake. Mtu aliyekuwa mkuu wa nyumba akawa mkuu wa chumba. Kisha sheria ya chai ya 2020 ikairudisha Bodi ya Chai, na sheria ya sukari ya 2024 ikairudisha Bodi ya Sukari. Ndani ya miaka kumi na moja kilichounganishwa kilianza kufumuliwa. Ninakukumbusha hili kwa sababu muungano unaouona leo kama mwisho wa dunia unaweza kugeuzwa na gavana ajaye, na siku hiyo watatafutwa wanaoijua kazi. Atakayepatikana ni yule ambaye faili lake halikukatika.

Na hapa ndipo ninapotaka ukae unisikilize vizuri.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa afisa wa utumishi katika shirika moja la umma hapa mjini. Idara mbili zikaunganishwa, wakuu wawili wakabaki na kiti kimoja, sawasawa na nyinyi. Mmoja alipewa kiti. Wa pili aliitwa na mkubwa wetu, akapewa chai, akaambiwa kwa upole: "Wewe tulia, nina mpango mzuri na wewe." Alikuwa muungwana, akaamini neno la muungwana mwenzake. Alikaa kwenye meza iliyowekwa kando ya masjala, akisoma gazeti, akija saa mbili na kuondoka saa kumi na moja kila siku ya Mungu. Baada ya miezi minne yule mkubwa akahamishwa Nairobi. Aliyekuja akaomba muundo mpya wa shirika uliopitishwa, akaupanga mezani, akaweka jina kwenye kila kijisanduku. Mzee yule hakuwa kwenye kijisanduku chochote. Si kwamba alifutwa na mtu. Hakuna aliyekumbuka kumwandika.

Alinijia siku moja na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na pesilipu za miezi mitatu, kadi ya siku ya kuzaliwa aliyopewa na wafanyakazi wake, na picha yake kwenye kibanda cha idara yake katika maonyesho ya Mkomani, amesimama kando ya mgeni wa heshima. Alizitandaza zote mezani kwangu ili zimtetee. Nilichohitaji ni karatasi moja tu, barua inayosema umehamishiwa pale kwa muda, kwa gredi yako ileile, hadi tarehe fulani. Haikuwepo. Na mimi niliyekuwa na kalamu na karatasi zenye nembo miezi yote ile sikumwandikia, kwa kuwa hakuna aliyeniagiza, na yeye hakuomba. Alistaafu mapema kwa masharti ambayo hayakulingana na alichostahili. Bado linaniuma. Ndiyo sababu ninakujibu kwa urefu hivi.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Cheo nacho ni mali.

Basi jambo la kwanza, omba barua. Wiki sita zimepita na unaishi kwa maneno ya mdomo. Andika wewe, kwa katibu wa kaunti, nakala kwa katibu wa Bodi na nakala kwa afisa mkuu wa utumishi. Iwe fupi, ya heshima, bila lawama wala jina la mwenzako. Kwa lugha yetu ingekuwa hivi:

"Kufuatia kuunganishwa kwa idara, niliagizwa kwa mdomo tarehe fulani niripoti afisini mwako. Nimetii, na nimekuwa nikiripoti tangu siku hiyo. Naomba nithibitishiwe kwa maandishi cheo changu, gredi yangu, kazi ninazopaswa kufanya, mkubwa ninayeripoti kwake, na muda ambao mpangilio huu utadumu. Naomba pia nakala ya muundo mpya ulioidhinishwa. Niko tayari kutekeleza kazi yoyote ya ngazi yangu."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Ndiyo itakayoonyesha mbele ya yeyote atakayelisoma faili baadaye kwamba hukugoma wala hukususia. Na hiyo ya "nimetii, nimekuwa nikiripoti" nayo usiiache, kwa sababu hila ya zamani ni kumwacha mtu bila kazi, akichoka akae nyumbani, kisha aandikiwe kwamba ametoroka kazini. Saini daftari la mahudhurio kila siku. Kama daftari halipo, tuma baruapepe fupi asubuhi kwamba umefika.

Ukikaa bila kujibiwa, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kukujibu ombi la habari, na muundo wa kaunti si siri ya dola. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Usimamizi ya 2015, iliyotokana na kifungu cha 47 cha Katiba, inakupa haki ya kupewa sababu za uamuzi kwa maandishi. Ukizitaja hizi mbili kwenye barua ya ukumbusho utaona majibu yanakuja kwa mwendo mwingine.

La pili ni mwenzako aliyepewa kiti. Uliza, ameajiriwa pale au anakaimu? Katika miungano mingi mtu huwekwa pale kwa kukaimu, na kukaimu kuna kikomo cha miezi 6. Baada ya hapo Bodi inapaswa kukijaza cheo kwa njia halali. Ikiwa cheo ni kipya kweli, chenye majukumu mapya, kitangazwe na wewe uombe. Usione haya kuomba kazi unayoijua kwa miaka 17; nimewaona wakurugenzi wakikataa kuomba kwa kiburi, kiti kikaenda kwa mtu wa nje, na wao wawili waliokuwa wakigombana wakabaki barazani. Ikiwa cheo ni kilekile na kilichobadilika ni maandishi ya mlangoni, basi nyinyi wawili mna haki sawa ya kufikiriwa kwa vigezo vinavyojulikana, na uamuzi uwe na kumbukumbu zake kwenye vikao vya Bodi.

Marupurupu nitayapitia upesi. Ya nyumba na ya usafiri hufuata gredi. Yakipunguzwa ilhali gredi yako haijabadilika, lalamika mara moja kwa maandishi, maana Sheria ya Ajira inataka mwajiri ashauriane nawe kabla ya kubadilisha masharti ya kazi na akujulishe kwa maandishi. Gari la afisi ni la afisi. Hilo liache liende, wala usiliweke kwenye barua.

Sasa tuseme mambo yafike mbali, waamue kwamba kweli cheo chako hakihitajiki na hawana pa kukuweka. Hapo sheria inakuita mtu aliyepoteza kazi kwa kuwa kazi yenyewe imekwisha, na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kina masharti ambayo mwajiri hawezi kuyaruka. Kwa mtu wa ngazi yako, ambaye yamkini si mwanachama wa chama cha wafanyakazi, uandikiwe wewe binafsi, na afisa wa leba aandikiwe pia. Waliochaguliwa kuondoka wachaguliwe kwa kuangalia ukubwa kazini, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwa kila mmoja. Ulipwe siku za likizo ulizobakiza. Upewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake. Na ulipwe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliotumikia.

Tuifanye hesabu, maana watu huitaja fidia hii bila kuipiga. Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 150,000, na mwezi tuuhesabu siku 30. Siku 15 ni shilingi 75,000. Zidisha kwa miaka 17, unapata shilingi 1,275,000. Pensheni yako ni hesabu nyingine, haiingizwi humu wala hii haipunguzi ile. Lakini angalia hapa: wakianza kuhesabu mwaka 2013, wakisema kaunti ndipo ilipozaliwa, unapoteza miaka yote ya baraza la mji. Kila mwaka unaoachwa ni shilingi 75,000 zako. Kwa hiyo ile barua ya kwanza ya baraza, yenye nembo ya zamani, na barua ya kupokelewa na kaunti, zitafute hata kama ziko ndani ya sanduku kwa mama. Zitengenezee nakala, moja ikae kwa mkeo, moja iwe kwenye simu.

Ukijiuzulu, fidia hiyo yote inayeyuka. Mtu aliyejiuzulu hajaondolewa na mwajiri. Ni kweli mahakama zinatambua kwamba mtu anaweza kusukumwa hadi akajiuzulu, na hilo likahesabika kama kufutwa, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako, na njia ni ndefu. Hao jamaa wanaokuambia hifadhi heshima yako hawatakulipia karo ya shule wala mkopo wa sako. Heshima yako ipo pale unapokwenda kazini kila asubuhi umenyoosha shati, ukiwa na barua yako mfukoni.

Kustaafu mapema ni jambo jingine, na kwa umri wa 52 mlango huo uko wazi kwako, kwani inaruhusiwa kuanzia 50. Sikukatazi. Nakuomba tu usiuchague ukiwa na hasira. Nenda kwenye mfuko wako wa pensheni uombe hesabu mbili kwa maandishi, ya kuondoka leo na ya kuondoka ukiwa na 60. Ziweke kando kando mezani, kaa na mkeo, muamue. Walio na umri wetu wanakumbuka mpango wa kustaafu kwa hiari wa mwaka 1993 na wale walioingia wakiangalia hundi moja tu.

Ukidhulumiwa na uamuzi wa Bodi, usikimbilie mahakamani kwanza. Hapa wengi wamepoteza kesi nzuri. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinakupa rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na majaji wamewarudisha watu waliokwenda mahakamani bila kupita huko, hata kama malalamiko yao yalikuwa na uzito. Rufaa hiyo ina muda wake, kwa hivyo siku unayopokea uamuzi ndiyo siku ya kumtafuta wakili wa mambo ya ajira. Baada ya hapo Mahakama ya Ajira na Leba iko hapahapa Mombasa. Ikikuta uliondolewa isivyo haki, inaweza kukurudisha kazini au kuagiza ulipwe hadi mishahara ya miezi 12.

Limebaki jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo linalonitia hofu kuliko yote uliyoniambia. Ulikabidhi? Umesema mwenzako amepewa afisi. Hukusema ulimkabidhi nini. Idara iliyokufa huacha madeni ya wakandarasi, mikataba iliyo katikati, magari yaliyo gereji, kesi, na masurufu, yaani pesa za kazi mtu alizotangulizwa, ambayo hayajarejeshewa risiti. Baada ya miaka miwili mkaguzi wa hesabu atakuja kuuliza, na kila mtu atasema aulizwe mkurugenzi wa zamani. Sheria ya fedha za umma inamfanya mtumishi abebe mwenyewe hasara aliyoisababisha, kwa hivyo ni lazima ionekane kwenye karatasi hali ilivyokuwa siku uliyotoka. Andika ripoti ya makabidhiano hata kama hukuombwa na hata kama wiki sita zimepita. Orodhesha mikataba na kiasi kilicholipwa na kilichobaki, bili ambazo hazijalipwa, magari kwa nambari zake na yalipo, vifaa, funguo na faili. Masurufu yako mwenyewe yafunge wiki hii, risiti kwa risiti, kabla hayajakatwa kwenye mshahara. Mwenzako atie saini kila ukurasa. Akikataa, mpelekee kwa barua na nakala kwa katibu wa kaunti.

Kisha ichukue hiyo ripoti na ile barua ya kwanza, nakala mbili mbili, uende masjala mwenyewe. Usimtume mtu. Moja waachie, na ya pili usiondoke nayo hadi ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe ya siku hiyo na jina la aliyeipokea.